Bibi anapoitikia marahaba vizuri

Ukimwamkia bibi mwenye maradhi ya usahaulifu, ataitikia marahaba bila kusita, atakuuliza habari za nyumbani, naye atacheka pale panapostahili kucheka. Salamu ni miongoni mwa mambo ambayo ubongo huyapoteza mwishoni. Ndiyo maana mhudumu wa zahanati, iwe Kabuku wilayani Handeni au Mombo wilayani Korogwe, anaweza kumpima presha, kumwandikia dawa ya goti na kumruhusu aende asigundue kwamba mgonjwa huyo juzi alipotea njia ya kisimani. Binti aliyemsindikiza naye hasemi. Kwake hilo si jambo la hospitali, ni uzee.

Neno hilo ndilo kizuizi cha kwanza. Dimenshia, yaani kudhoofika kwa ubongo kunakoharibu kumbukumbu, maamuzi na uwezo wa mtu kujihudumia, haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili, na wazee wengi wa wilaya hizi hujieleza vizuri zaidi kwa Kizigua au Kisambaa. Familia zenye asili ya Asia ya Kusini nchini Uingereza hukutana na mkwamo unaofanana: lugha ya nyumbani haina jina la ugonjwa, aibu hufunga midomo, na mgonjwa hufikishwa kwa daktari akiwa amechelewa.

Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta dimenshia kwa takribani watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Huko huko Hai kikaandaliwa kipimo kiitwacho IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014, kwa kumfikiria mzee ambaye hakusoma. Haombwi kuandika. Huulizwa leo ni siku gani na daraja ni kitu gani. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hukumbuka maneno aliyosomewa. Hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Alama ni 15, na anayepata 7 au pungufu anahitaji uchunguzi zaidi. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kukifanya chini ya mwembe.

Kipimo hicho si hukumu. Aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, huenda ana malaria, maambukizi ya mkojo au madhara ya dawa; baadhi ya dawa za kawaida za mafua na mzio huvuruga akili za wazee kuliko tunavyodhani. Sonona, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende, VVU, hata damu iliyovuja ndani ya kichwa baada ya kuanguka, vyote huweza kufanana na dimenshia, na vyote vina tiba. Tunaposema “ni uzee tu” tunawapoteza hata hawa.

Na yule ambaye kweli ana dimenshia? Ugonjwa wenyewe hauponi, lakini mengi yanafanyika. Huko Hai, vikundi vidogo vya wazee vilikutana kwa vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo na michezo ya kuchangamsha akili, na nafuu ilionekana. Korogwe ina hospitali ya Lutindi, milimani Usambara, iliyohudumia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya karne moja. Wapo wanaoogopa kuitwa wendawazimu wakipelekwa huko. Wagonjwa wengi wa dimenshia, hata hivyo, hawahitaji kulazwa. Wanahitaji jiko lisiloachwa wazi, ratiba isiyobadilika, na mlezi mwenye wa kumpokea zamu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, basi familia iulize dirisha la wazee.

Anayemleta mzee awe anaishi naye. Aje na dawa zote anazotumia, za duka na za mitishamba, aeleze hali ilianza lini na kama ilianza ghafla au polepole. Kisha amwachie bibi ajibu mwenyewe kwanza.