Usipoziba Ufa: Namna ya Kubadilisha Kioo cha Dirisha Kilichovunjika



Ndugu msomaji, zunguka nyuma ya bweni lolote, nyumba ya mapadre au hata nyumba yako mwenyewe, na mara nyingi hutakosa dirisha moja lililozibwa kwa kipande cha boksi. Kioo kilivunjwa na mpira, au dirisha liliachwa wazi bila kufungwa komeo na upepo wa usiku ukalibamiza. Mtu akaweka boksi "kwa muda". Mvua ikanyesha, boksi likalowa, likabadilishwa kwa kipande cha nailoni, na mwaka ukapita. Wakati huo wote maji yanaozesha fremu na mbu wanaingia usiku, saa zile zile ambazo mbu wa malaria hupenda kuuma. Anayelala karibu na dirisha hilo ndiye anayelipa gharama, hata kama si yeye aliyevunja kioo.

Kubadilisha kioo kidogo cha dirisha si kazi inayohitaji miaka ya mafunzo. Frateri anaiweza, na baba au mama wa familia anaiweza pia. Wanaoshindwa mara nyingi huangushwa na mambo matatu: kupima vibaya, kufanya haraka, na kutojikinga. Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Kioo cha kwanza nilichobadilisha nilikipima sehemu moja tu, nikaenda kwa fundi vioo akakikata kwa kipimo kile kile. Kumbe fremu ilikuwa imepinda, chini ilikuwa nyembamba kuliko juu. Nilipokisukuma kiingie, nilisikia mlio mdogo tu, na ufa ukapita kona hadi kona. Fedha ilikuwa ya jumuiya. Ilinibidi niende kwa mlezi kueleza kwa nini dirisha moja linahitaji vioo viwili.

Kwanza, ujue dirisha lako

Majumbani na kwenye taasisi zetu tunakutana zaidi na aina nne za madirisha.

La kwanza ni la mbao, ambalo kioo chake hushikwa na misumari midogo na puti, au na vipande vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa pembeni. La pili ni la chuma, linaloonekana sana kwenye majengo ya zamani ya misheni na shule. Nalo hutumia puti. La tatu ni la luva, yaani vioo vyembamba vinavyopangwa kimoja juu ya kingine na kufunguliwa kwa mkono mmoja. La nne ni la aluminiamu, ambalo kioo chake hushikwa na mpira maalumu.

Jiulize pia kwa nini kioo kilipasuka. Kama ni mpira au jiwe, sababu iko wazi. Lakini kioo kinachopasuka chenyewe kina habari ya kukupa. Kwenye dirisha la chuma, kutu huvimba na kukibana kioo kidogo kidogo mpaka kinapasuka. Kwenye dirisha la mbao, ubao hunyonya maji wakati wa mvua na kuvimba. Puti iliyokauka na kudondoka huacha kioo kikicheza kila upepo unapovuma. Ukiweka kioo kipya bila kuondoa sababu hiyo, utarudi dukani.

Je, ufa unaweza kuzibwa?

Ufa mdogo unaweza kuzibwa kwa gundi ya epoksi inayoonekana kama maji, ili upepo na mvua visipite. Lakini hiyo haikirudishii kioo nguvu yake. Utepe wa gundi unaobandikwa juu ya ufa ni msaada wa siku chache, ili vipande visianguke kabla hujapata kioo kipya. Kioo chenye ufa unaorefuka, au chenye kona iliyoachana, kibadilishwe, hasa kikiwa mahali watoto wanapopita.

Vifaa

Andaa glovu nene za ngozi, miwani ya kukinga macho, viatu vya kufunika mguu, nyundo ndogo, patasi ya zamani, plaizi, kisu cha puti, futi ya kupimia, msasa, brashi, rangi ya msingi, misumari midogo isiyo na vichwa vikubwa, puti, na boksi gumu la kuwekea vipande vilivyovunjika.

Ununuapo puti, mweleze muuzaji kama dirisha ni la mbao au la chuma. Puti ya asili ya mbao hutengenezwa kwa unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani. Hukauka kwa hewa, na kwa sehemu kwa kunyonywa na ubao. Chuma hakinyonyi mafuta, kwa hiyo puti hiyo ikiwekwa kwenye chuma hukawia mno kukauka. Ipo puti iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma.

Kutoa kioo kilichovunjika

Hapa ndipo watu wengi hukatwa. Waondoe watoto na wapita njia upande wa pili wa dirisha. Tandika gazeti au turubai chini, ndani na nje. Bandika utepe wa gundi juu ya kioo pande zote mbili ili vipande vishikane. Kisha anza kutoa vipande vya juu, ukishuka chini. Ukianza na vya chini, kipande cha juu kinaweza kukuangukia mkononi kama kisu. Kipande kisichotoka usikivute kwa nguvu. Legeza kwanza puti inayokishika.

Funga vipande kwenye boksi na uandike juu yake kuwa ni vioo vilivyovunjika. Usivitupe wazi jalalani, kwa maana kuna mtu atakayeingiza mkono humo. Vipande vidogo sana vilivyobaki sakafuni viokote kwa gazeti lililoloweshwa maji.

Sasa ondoa puti ya zamani kwa patasi, polepole, ukilinda kingo za fremu. Ng'oa misumari ya zamani kwa plaizi. Kama jengo ni la miaka mingi, tahadhari: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto. Usizipige msasa zikiwa kavu ukapeperusha vumbi. Zilowanishe kwanza, vaa barakoa, kisha safisha mahali pote.

Fremu ikishakuwa safi, paka rangi ya msingi sehemu zilizo wazi. Kwenye mbao, rangi hiyo huzuia ubao kunyonya mafuta yote ya puti, jambo linaloifanya puti ipasuke. Kwenye chuma, kwangua kutu mpaka uone chuma chenyewe, ndipo upake rangi ya kuzuia kutu. Iache ikauke kabisa.

Kupima

Pima ndani ya mfereji wa fremu, pale kioo kinapokaa, si pale mwanga unapopita. Pima upana sehemu tatu: juu, katikati na chini. Pima urefu sehemu tatu: kushoto, katikati na kulia. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote kwa kila upande, kisha upunguze milimita 3. Kwa mfano, ukipata upana wa milimita 403, 402 na 400, unachukua 400 na kuagiza 397. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayokipa kioo pumzi wakati fremu inapotanuka kwa jua au unyevu.

Pima pia kutoka kona hadi kona, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, fremu imekaa mraba. Vikitofautiana, imepinda, tengeneza kiolezo cha boksi kinachoingia vizuri, umpelekee fundi akate kwa kukifuata.

Nenda dukani na kipande cha kioo cha zamani, kikiwa kimefungwa vizuri, ili upewe unene ule ule. Milimita 3, 4 na 5 hutofautiana kidogo machoni, lakini kwenye fremu hutofautiana sana. Unaporudi, beba kioo kikiwa kimesimama kwa ukingo wake. Kikibebwa kimelala kama sinia, uzito wake wenyewe unaweza kukivunja.

Kuweka kioo kipya

Kanda puti mkononi mpaka iwe laini. Ipake kuzunguka mfereji wote kwa unene wa milimita 3 hivi. Hiki ndicho kitanda cha kioo. Weka chini vipande viwili vyembamba vya mbao au mpira ili kioo kisikae moja kwa moja juu ya fremu. Ingiza kioo ukianza na ukingo wa chini, kisha kibonyeze taratibu kwa kufuata kingo. Usibonyeze katikati, maana hapo ndipo kinapovunjika kirahisi.

Kwenye mbao, pigilia misumari midogo kila baada ya sentimita 15 hadi 20, ukitelezesha nyundo juu ya uso wa kioo badala ya kuinyanyua. Kwenye chuma, rudisha vibanio vilivyokuwepo. Halafu weka puti ya nje, uilaze kwa kisu iwe na mteremko, ili maji ya mvua yatiririke nje yasituame. Kata puti iliyojitokeza upande wa ndani.

Usipake rangi siku hiyo hiyo. Subiri wiki moja hadi mbili mpaka puti ifanye ngozi ngumu, au ufuate maelezo ya kwenye kopo. Unapopaka, acha rangi ipande juu ya kioo kwa milimita 2 hivi. Mstari huo mwembamba ndio unaozuia maji kupenya kati ya puti na kioo.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: matambaa yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kurundikwa yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

Luva na aluminiamu

Luva ndiyo rahisi kuliko zote. Fungua madirisha, nyoosha kwa plaizi ule ulimi mdogo wa bati unaozuia kioo pembeni, kisha telezesha kioo kitoke. Peleka kimojawapo kilicho kizima kwa fundi kama kipimo, na umwombe asugue kingo zisikate vidole. Ukirudisha, kunja tena ulimi taratibu, kwa kuwa ukikunjwa na kunyooshwa mara nyingi hukatika.

Kwa aluminiamu, vioo vidogo unaweza kuvijaribu kwa kuchomoa mpira na kuurudisha, lakini vikubwa mwachie fundi. Fahamu pia kuwa kioo kilichoimarishwa kwa moto, kile kinachovunjika kuwa punje ndogo ndogo, hakikatwi tena baada ya kutengenezwa. Kinaagizwa kikiwa na kipimo kamili.

Mwite fundi

Mwite fundi kama dirisha liko ghorofani na huna jukwaa imara, kama kioo ni kikubwa kuliko unavyoweza kukishika peke yako, au kama ni kioo cha rangi cha kanisani. Vioo vya rangi huunganishwa kwa vipande vya madini ya risasi, na ni ufundi wa peke yake. Kimojawapo kikianguka, usikizibe kwa puti wala silikoni. Piga picha, okota kila kipande hata kilicho kidogo kama ukucha, vitie kwenye bahasha na uandike vimetoka dirisha gani. Kule Chartres, Ufaransa, vita ilipokaribia mwaka 1939, vioo vya kanisa kuu viliondolewa na kufichwa, na baada ya vita vikarudishwa. Vipo hadi leo kwa sababu kuna watu walioona inafaa kuvitunza.

Mali ya wote

Boksi hukaa dirishani mwaka mzima kwa sababu dirisha la wote mara nyingi huwa si la mtu. Kila mmoja anapita akidhani mwingine amekwisha kutoa taarifa. Mtakatifu Benedikto aliliona jambo hili mapema: katika sura ya 31 ya Kanuni yake anamtaka mtunza mali wa monasteri aviangalie vyombo vyote na mali yote ya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Kwa maneno mengine, jembe, ndoo na kioo cha dirisha vinastahili heshima ile tunayoipa kalisi. Padre kijana anayepelekwa parokia ya mbali atakuta nyumba yenye madirisha, na huenda fundi wa karibu yuko mwendo wa nusu siku.

Basi siku ya kazi za mikono inayofuata, chukueni karatasi na kalamu, mzunguke jengo lote mkiandika kila dirisha lenye boksi, ufa au puti iliyodondoka. Anzeni na lile la mgonjwa au la anayelala chini ya mbu. Na pimeni mara tatu.