Karao wa plastiki: Kwa nini madereva wa Thailand wanaogopa trafiki lakini hawamheshimu

Hebu jiweke Bangkok. Jam imekolea, jua linachoma, uko ndani ya teksi. Mbele kidogo unaona karao amesimama wima kando ya barabara, yunifomu safi, kofia kichwani. Dere wako anapunguza mwendo na kuvuta mkanda haraka haraka. Mnapomkaribia, unagundua karao hapepesi macho. Hata hapumui. Ni sanamu.

Hii si stori ya jaba. Polisi wa Thailand walisimamisha masanamu kama haya barabarani ili madereva wadhani kuna mtu anawacheki. Wananchi wakalibatiza sanamu jina: Ja Choei. "Ja" ni sajini, na "choei" ni mtu aliyetulia tu, hajali, hasemi kitu. Kwa lugha yetu tungemuita Sajini Kimya.

Lakini ujanja wa sanamu una shida moja. Ukishajua ni plastiki, huogopi tena. Na hiyo ndiyo shida ya madereva wengi wa Thailand na polisi wa kweli pia: walishajua sheria inapindika, na inapindikia nani.

Barabara zenyewe ni noma

Usidhani Thailand ni beach na pad thai peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 iliweka vifo vya barabarani huko kuwa 32.7 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa juu kuliko nchi yoyote ya Asia Kusini-Mashariki. Ripoti ya 2023 ilionyesha namba imeshuka hadi kama 25, lakini bado ni zaidi ya watu 18,000 waliokufa mwaka 2021. Karibu watatu kati ya kila wanne wanaokufa ni watu wa nduthi.

Kuna misimu miwili ambapo mambo huwa mabaya zaidi: Mwaka Mpya na Songkran, ile sherehe ya Aprili ya kumwagiana maji. Serikali huziita "siku saba za hatari", na kila siku vifo huhesabiwa na kutangazwa kwa habari kama matokeo ya mechi.

Na si ati sheria hazipo. Helmeti ni lazima. Mkanda ni lazima, hata ukikaa nyuma. Ukilewa usiguse usukani. Sasa mbona watu hawashiki?

Chai ni chai, hata Bangkok

Hapa ndio utacheka. Wathai wana jina la ile pesa unampenyezea karao ili akuachilie: "kha nam cha". Maana yake ni pesa ya chai. Yaani wako mbali na sisi kilomita maelfu, lugha tofauti kabisa, na bado karao wa huko pia anasikia kiu ya chai.

Cheki vile mchezo ulikuwa unaenda kwa miaka mingi. Unasimamishwa, karao anachukua leseni yako, anakuandikia tiketi. Uitake leseni? Nenda kituoni ukalipe faini kwanza. Sasa weka hiyo safari ndani ya jam ya Bangkok, uko job, mdosi anakungoja. Noti moja ikikunjwa ndani ya leseni inamaliza maneno hapo hapo. Juu ya hiyo, trafiki walikuwa wanapata sehemu ya faini kama zawadi ya kazi. Hata ile tiketi halali, dereva anaiona kama biashara ya mtu.

Sheria ilibadilishwa mwaka 2019, na karao akakatazwa kukaa na leseni yako. Leseni ya kwa simu pia ikakubaliwa. Ni kitu kizuri, juu hiyo leseni ndiyo ilikuwa inamshikilia dereva hapo barabarani.

Lakini chai ndogo ni ya watu wadogo. Wenye malori wana yao inaitwa "suay", ambayo hulipwa kwa mwezi. Mwaka 2023 mwanasiasa mmoja wa upinzani, Wiroj Lakkhana-adisorn, aliwaanika wote: malori yaliyobeba kupita kiasi yalikuwa yanabandikwa stika fulani kwa kioo, na polisi akiona stika anajua hilo limeshalipiwa, lipite. Moto ukawaka, na mkuu wa polisi wa barabara kuu akahamishwa.

Mwezi Januari mwaka huo huo, mwigizaji wa Taiwan anaitwa Charlene An alisema alisimamishwa usiku kwa kizuizi Bangkok, na hakuachiliwa mpaka baht 27,000 zikatoka. Siku hizi baht moja ni kama bob nne, kwa hivyo hiyo ni zaidi ya laki moja ya Kenya. Polisi walianza kwa kukana. Baadaye maafisa waliokuwa kwa hicho kizuizi wakajipata wenyewe ndio wanafunguliwa mashtaka.

Kesi iliyovunja watu moyo

Ukimuuliza Mthai kwa nini haamini sheria za barabarani, kuna uwezekano mkubwa atakutajia jina moja: "Boss".

Huyo ni Vorayuth Yoovidhya, mjukuu wa mzee aliyeanzisha Red Bull. Mwezi Septemba 2012, alfajiri, Ferrari yake ilimgonga na kumuua polisi aliyekuwa kwa pikipiki kwa barabara ya Sukhumvit, Bangkok. Polisi walifuata mafuta yaliyokuwa yanavuja mpaka nyumbani kwa familia.

Ungedhani polisi akiuawa, polisi wenzake watasimama naye. Wapi! Boss aliitwa mara kadhaa na hakutokea. Shtaka la kuendesha kasi lilipitwa na muda mwaka 2013. Mwaka 2017 akahepa nchi. Kasi ya gari, ambayo mwanzo ilikadiriwa kilomita 177 kwa saa, baadaye ikashushwa kwa makaratasi hadi chini ya 80. Julai 2020 waendesha mashtaka wakafuta kila kitu. Wananchi walikasirika, watu wakaanza kuongea hata kususia Red Bull, na mashtaka mapya yakatolewa. Mpaka leo hajawahi kusimama mbele ya hakimu kwa hiyo kesi.

Sasa fikiria wewe ni jamaa wa nduthi Bangkok. Unasimamishwa juu ya helmeti. Utaweka mikono pamoja kifuani, utainamisha kichwa, utaongea kwa adabu, juu hiyo ndiyo tabia ya huko. Lakini ndani ya roho unajiuliza: sheria hii ni ya wote ama ni ya wasee kama mimi?

Na karao mwenyewe?

Tarehe 21 Januari 2022, daktari wa macho alikuwa anavuka barabara ya Phaya Thai hapo Bangkok. Alikuwa kwa zebra, mahali sheria inasema yeye ndiye mwenye haki. Pikipiki kubwa aina ya Ducati ikamgonga, na akafa. Aliyekuwa anaiendesha? Polisi.

Nchi nzima ililia. Zebra zikapakwa rangi upya, kamera zikaongezwa, na baadaye mwaka huo faini ya juu ya kutosimama kwa zebra ikapanda hadi baht 4,000. Lakini swali la watu halikuwa faini ni ngapi. Swali lilikuwa: kama anayeshika sheria hasimami, mimi nisimame kwa nini?

Kamera haiombi chai

Serikali imejaribu kumtoa binadamu katikati. Tangu tarehe 9 Januari 2023, kila dereva ana pointi 12. Ukikosea zinakatwa, zikiisha leseni inalala siku 90. Ukiwa na tiketi hujalipa, ukienda kulipia gari kodi ya mwaka hupewi stika kamili mpaka umalize deni. Hapo huwezi kukunjia kamera noti.

Na tusiwaweke polisi wote kapu moja. Bangkok kuna kikosi cha trafiki, chini ya mradi wa kifalme wa tangu miaka ya 1990, ambacho kimefunzwa kuzalisha akina mama waliokwama kwa jam. Hao mtu akiwaona anatoa shukrani za kweli. Heshima inakuja hivyo: umenisaidia, au umenishika kwa haki vile ungemshika mwingine yeyote.

Faini ikipanda, watu wataogopa kidogo. Kamera zikiongezwa, wataogopa kidogo zaidi. Lakini dereva atamheshimu trafiki siku atakayoona Ferrari na nduthi zikisimamishwa na mkono ule ule, na kupewa tiketi ile ile.

Na kama una plan ya kwenda Phuket kujivinjari, shika hii: kabla ukodishe skuta, hakikisha una kibali cha kimataifa cha kuendesha, na kiwe kinaruhusu pikipiki. Vaa helmeti hata kama ni safari ya dakika mbili. Ukisimamishwa usipandishe sauti. Ongea pole pole, omba tiketi, ulipe rasmi. Hiyo helmeti usiivae juu ya karao. Ivae juu ya zile namba umesoma hapo juu, kwa sababu lami ya Phuket haichukui chai ya mtu.