'Kid': Neno la zizini lililohamia sebuleni

Na Mwandishi Wetu

NENO la Kiingereza 'kid', ambalo leo limetapakaa kwenye mabango ya shule za chekechea na maduka ya nguo za watoto katika miji ya Afrika Mashariki, halikuanza maisha yake likiwa na maana ya mtoto wa binadamu. Lilikuwa jina la mtoto wa mbuzi, na kwa wafugaji wanaozungumza Kiingereza lingali na maana hiyo hadi leo.

Wazazi wengi wa mijini hulitumia neno hilo bila kusita, na hawakosei. Hata hivyo, limezungukwa na mipaka ambayo mtu aliyejifunza Kiingereza darasani huweza asiione kwa urahisi. Lafaa mezani, uwanjani na katika mazungumzo ya majirani, lakini likiingia katika hati ya mahakama au barua ya kuomba kazi huwa kama mtu aliyekwenda ofisini akiwa amevaa ndala.

Asili yake ni lugha ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, mabaharia wa Skandinavia waliovamia na baadaye kufanya makazi katika sehemu kadhaa za Uingereza. Neno hilo linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu yapata mwaka 1200, likiwa na maana ya mwana-mbuzi. Katika lugha ya Kidenmaki, hadi sasa, 'kid' ni mwana-mbuzi. Aidha, katika tafsiri mashuhuri ya Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James, neno hilo limetumika kwa mnyama tu.

Wakati huo, lakini, mitaani mambo yalikwisha kubadilika. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 16 watu wa tabaka la chini walikuwa wakiwaita watoto wao 'kid' kwa utani, pengine kwa sababu ya kurukaruka kwao. Ilichukua zaidi ya miaka 200 kwa neno hilo kuvuka kizingiti na kuingia katika nyumba za watu waliojiona waungwana. Ni katika karne ya 19 ndipo lilipozoeleka katika mazungumzo ya kawaida, bila ya kuwa lugha rasmi.

Wapo wanaodhani kwamba neno hilo ni ndugu wa neno la Kijerumani 'Kind', lenye maana ya mtoto, ambalo ndilo lililozaa jina la kindergarten alilolibuni mwalimu Friedrich Fröbel mwaka 1840 kwa ajili ya shule yake ya watoto wadogo. Maneno hayo mawili yamefanana kwa sura tu.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangazwa na safari hiyo kutoka zizini hadi sebuleni. Kurasa za michezo za magazeti ya Kiswahili humwita mchezaji chipukizi 'kinda', na kinda ni mtoto wa ndege. Hakuna mchezaji anayekasirika kwa kuitwa hivyo akiwa na miaka 17. Akiitwa hivyo akiwa na miaka 29, na mke na watoto, hapo ni habari nyingine.

Upande wa giza wa neno hili umo ndani ya neno jingine linalosikika kila siku katika taarifa za habari: 'kidnap', yaani kuteka nyara. Neno hilo limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya mitaani, 'kid' likiwa mtoto na 'nap' likiwa kunyakua. Lilizuka katika nusu ya pili ya karne ya 17, na halikuhusu watu wazima matajiri wanaoshikiliwa ili walipiwe fedha. Lilihusu watoto wa maskini walioibwa katika miji ya bandari ya Uingereza na kusafirishwa kwa meli kwenda makoloni ya Marekani, ambako waliuzwa kuwa watumishi wa mkataba kwa miaka kadhaa.

Wizi wenyewe ulikuwapo kabla ya jina lake. Mei 1645 Bunge la Uingereza lilitoa amri ya kukamatwa na kuadhibiwa kwa wale wanaoiba, kuuza au kununua watoto. Pamoja na amri hiyo, biashara iliendelea kwa karne nzima, kwa kuwa mashamba ya ng'ambo yalihitaji mikono na manahodha walilipwa vizuri.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Peter Williamson, mtoto wa mkulima wa Uskoti. Mwaka 1743, akiwa bado mvulana, alinyakuliwa katika bandari ya Aberdeen na kupakiwa katika meli pamoja na watoto wengine. Meli hiyo ilikwama karibu na pwani ya Marekani, nao wakaokolewa na kufikishwa Philadelphia. Huko Williamson aliuzwa kwa paundi 16 ili atumike kwa miaka saba. Aliyemnunua alikuwa Mskoti mwenzake, Hugh Wilson, ambaye naye aliibwa nyumbani kwao akiwa mtoto, na ambaye alimtendea wema na kumwachia sehemu ya mali yake alipofariki.

Williamson alirejea Uingereza, na mwaka 1757 akachapisha kitabu cha maisha yake. Humo aliwashutumu wafanyabiashara wa Aberdeen kwa kuiba watoto. Alipofika katika mji huo mwaka 1758 kukiuza, alikamatwa kwa kosa la kuwakashifu waungwana wa mji. Kurasa zilizowataja zilichomwa moto hadharani, naye akatozwa faini, akalazimishwa kutia saini kwamba aliyoyaandika ni uongo, kisha akafukuzwa mjini. Alikwenda Edinburgh, akawashitaki mahakimu hao katika mahakama kuu ya madai ya Uskoti, na mwaka 1762 akashinda na kutunukiwa fidia ya paundi 100.

Kwa hiyo, neno ambalo leo hutumika hata kwa mfanyabiashara wa miaka 60 aliyetekwa lina ndani yake mtoto wa maskini. Kiswahili kimekwenda njia nyingine. Nyara ni mali iliyotekwa vitani, hivyo 'kuteka nyara' kunamtaja mtu aliyegeuzwa kuwa mali, bila kugusa umri wake. Mwandishi wa habari anayetafsiri taarifa ya kuibwa kwa mtoto mchanga hospitalini hana budi kusema waziwazi kwamba aliyechukuliwa ni mtoto, kwa kuwa neno la Kiswahili halimsemei.

Matumizi mengine ni mepesi zaidi. Kitenzi 'to kid' kilianza kutumika mwanzoni mwa karne ya 19 kwa maana ya kumdanganya mtu au kumtania, pengine kwa maana ya kumgeuza mtoto au mwana-mbuzi. Lakini mfugaji akikitumia kitenzi hichohicho, maana yake ni kwamba mbuzi wake anazaa, na hapo hakuna mzaha wowote. Ngozi laini ya mwana-mbuzi ilitengenezewa glavu za watu wenye uwezo, na ndiyo sababu Waingereza husema jambo nyeti linashughulikiwa kwa glavu za 'kid', yaani kwa tahadhari na upole.

Marekani ndiko neno hilo lilikoota mizizi zaidi. Mdogo wako huweza kuitwa 'kid brother' hata kama ana ndevu. Mhalifu Henry McCarty, aliyejulikana kama Billy the Kid kwa sababu ya ujana wake, alipigwa risasi na kuuawa huko New Mexico mwaka 1881 akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 21.

Tofauti kati ya neno la mtaani na neno la sheria inaonekana vizuri katika kisa cha mwigizaji Jackie Coogan. Mwaka 1921 mtoto huyo alipata umaarufu mkubwa alipoigiza na Charlie Chaplin katika filamu iitwayo The Kid. Alipokuwa mtu mzima aligundua kwamba fedha alizochuma utotoni zilikuwa zimetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo, na mwaka 1938 akafungua kesi. Alipata sehemu ndogo tu. Mwaka 1939 jimbo la California lilitunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Jina la filamu lilisema 'kid'; jina la sheria likasema 'child'.

Ndivyo ilivyo katika sheria nyingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unatumia 'child' kwa kila aliye chini ya miaka 18, isipokuwa pale ambapo sheria ya nchi humtambua kuwa mtu mzima mapema zaidi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nazo zimeweka umri huohuo wa chini ya miaka 18. 'Kid' halina umri. Wakili anayemtetea kijana wa miaka 16 anaweza kumwita hivyo ili kuamsha huruma, ilhali bosi anayemwita mfanyakazi wa miaka 24 neno hilohilo anamshusha hadhi mbele ya wenzake.

Jambo hilo huuma zaidi linapowahusu watoto wasio na mtetezi. Kwa miaka mingi Kiingereza cha mijini kimewaita watoto wanaolala nje 'street kids', na Kiswahili cha mitaani kikawaita chokoraa, jina lililotokana na kuchokora, yaani kupekua majalala wakitafuta chochote cha kula. Majina yote mawili huwafanya waonekane kama aina tofauti ya binadamu, mmoja akitambulishwa kwa barabara anayolala na mwingine kwa taka anazozipekua.

Mashirika yanayowahudumia yalianza kuyaacha majina hayo na kusema watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani, maneno marefu yasiyopendwa na wahariri wanaopima vichwa vya habari kwa herufi. Mwaka 2017 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa mwongozo wake Namba 21 kuhusu watoto hao, na katika kichwa chake ikawataja kuwa watoto walio katika mazingira ya mitaani. Neno lililochaguliwa humo ni 'children'.