Gari la usafi: rafu ya chuma, plywood au kreti?

Kabla hujampa fundi hela ya rafu, zunguka nyuma ya gari lako usome mlango. Kirikuu nyingi za bodi lililofungwa zilizotoka Japani, zile za cc 660, bado zina stika ya Kijapani yenye tarakimu anazoweza kuzisoma yeyote: 350 kg. Mara nyingine inafuata namba ya pili kwenye mabano, 250. Ya kwanza ni mzigo unaoruhusiwa wakikaa watu wawili, ya pili ni wakikaa wanne. Kampuni ya usafi inayosafirisha timu ya watu wanne pamoja na vifaa vyao ianzie hesabu kwenye 250, hata kama nyuma kunaonekana bado kuna nafasi.

Maji ndiyo yanayoimaliza nafasi hiyo. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200. Ongeza mashine ya kuoshea kwa presha, kifyonza vumbi, ngazi na sabuni, na umeshaufikia mpaka kabla hujafunga hata ubao mmoja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupata nafasi haina gharama: mpigie mteja jana yake umuulize kama maji yanatoka. Dar es Salaam jibu linabadilika kutoka mtaa hadi mtaa na siku hadi siku, na ndiyo maana tangi la kudumu la lita 200 au 300 ni chaguo baya kwa gari dogo. Tangi linakaa pale pale hata siku ambayo huhitaji maji, na likiwa nusu, maji yanayumba ndani yake na kuliyumbisha gari kwenye kona. Madumu unabeba manne leo, manane kesho, na yakiwa matupu unayaacha stoo. Ndoo nazo ziwe za ukubwa mmoja ili ziingiane.

Sabuni inafuata hesabu hiyo hiyo. Sabuni ya maji inayouzwa kwa dumu mtaani ina bei ya kuvutia, lakini sehemu kubwa ya unachobeba ni maji. Sabuni nzito ya kuchanganya inaonekana ghali dukani. Hata hivyo, chupa ya lita 5 inayochanganywa moja kwa ishirini inakupa lita 105 za kufanyia kazi, na ndani ya gari imekaa nafasi ya lita 5 tu. Unapolinganisha bei, gawa bei ya chupa kwa lita za mchanganyiko, siyo kwa lita zilizoandikwa kwenye lebo.

Sasa tuje kwenye rafu. Mafundi wa kuchomelea, wa Gerezani na kwingineko, watakutengenezea fremu ya paipu za mraba. Ina nguvu, haitikisiki, na ikivunjika utapata wa kuirekebisha hata ukiwa Chalinze. Shida zake ni mbili. Ya kwanza ni uzito: fundi anayependa kazi imara hutumia chuma kinene kuliko kinachohitajika, kwa hiyo mwambie mapema kwamba unataka paipu nyembamba na kwamba utailipia rangi nzuri. Shida ya pili inawahusu watu wa usafi kuliko wengine wote, nayo ni jiki. Mvuke wake na matone yake hula chuma, na gari lililofungwa juani huwa chumba cha mvuke. Fremu isiyopakwa rangi ya kuzuia kutu itaanza kushika kutu kwenye viungio.

Plywood inapatikana kirahisi, na maseremala wa Keko wanaijua. Karatasi ya futi nane kwa nne yenye unene wa milimita 18 ina uzito wa kilo thelathini na kitu. Ya milimita 12 inakaribia kilo ishirini tu, na kwa rafu ya vifaa vya usafi hiyo inatosha ukiweka mihimili mifupi chini yake. Ukubali tu ile inayostahimili maji, na kingo zake zote zipakwe rangi au vanishi, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo. Usikubali MDF wala chipboard kwa sababu ya bei. Mopu mbichi zikilala juu yake itavimba, itamomonyoka, na utalipa mara mbili.

Kreti za plastiki ni rahisi kuliko vyote na nyepesi kuliko vyote. Nazipa alama nyingi kuliko wauza rafu wanavyopenda, kwa sababu kreti inashuka na mfanyakazi. Ya chooni inaingia chooni, ya jikoni inaingia jikoni, na hakuna anayerudi garini kufuata kitambaa kimoja. Ukitumia utaratibu wa rangi unaofuatwa na wasafishaji wengi, nyekundu kwa choo, kijani kwa jikoni na bluu kwa vyumba vingine, nunua kreti za rangi hizo hizo. Ubaya wake ni kwamba peke yake hazitumii urefu wa gari. Ukizipanga tatu kwenda juu, unayoihitaji itakuwa ya chini.

Kabla ya kuamua, fanya hesabu ya muda. Tuseme timu ya watu wanne inapoteza dakika 20 kwa siku kutafuta vitu na kuhamisha ndoo. Hizo ni dakika 80 za kazi, na kwa siku 26 za mwezi zinazidi saa 34. Zidisha kwa mshahara unaolipa kwa saa, kisha linganisha na bei aliyokutajia fundi. Ikiwa rafu inarudisha gharama yake ndani ya miezi sita, itengeneze. Ikiwa inahitaji miaka mitatu, kreti zinakutosha. Muombe fundi akutenganishie bei ya malighafi, ufundi, rangi na bolti, maana bei ya jumla huwezi kuilinganisha na ya fundi mwingine.

Mwambie pia asitoboe bodi ovyo. Gari nyingi za aina hii zina matundu ya bolti ya kiwandani, ya viti vya nyuma na mikanda, na rafu inaweza kushikiliwa kwenye yale yasiyotumika. Kila tundu jipya ni njia ya kutu, na siku ya kuuza gari mnunuzi atayahesabu yote. Rafu ya bolti unaihamishia gari lijalo. Iliyochomelewa kwenye bodi inaondoka na gari.

Kuna kitu kimoja ambacho ningekiweka hata kwa kampuni isiyo na hela ya rafu: wavu wa chuma kati ya mzigo na watu. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, dumu la lita 20 lisilofungwa linaruka mbele kwa kasi ya kitu kilichoanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Kamba za mpira wa tyubu zinasaidia kupanga, hazitoshi kuzuia. Na chini ya wavu huo, upande mmoja, jiki. Upande wa pili, mbali nayo, asidi ya kusafishia choo. Vikivuja na kukutana vinatoa gesi ya klorini, ndani ya gari lenye watu na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya AC. Weka kila kimoja kwenye beseni lake lenye kingo, vifuniko juu.

Halafu fikiria milango. Kwenye mitaa ya Kariakoo magari yanaegeshwa yakigusana, na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu hauna pa kufungukia. Vitu vya kila siku vikae karibu na mlango wa pembeni wa kuteleza. Nyuma kabisa weka vya mara moja moja, kama mashine ya zulia na ngazi. Vizito vikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma.

Kuhusu kuhamia Hiace: inabeba takriban tani moja, kutegemea toleo, na ndani ya ile yenye paa la juu unasimamisha mopu bila kuzikunja. Lakini utailipia kwa mafuta, matairi na maegesho kila siku, ikiwa imejaa au tupu. Ihamie pale ambapo uzito, baada ya kupunguza maji, bado unazidi namba ya kwenye stika. Kama tatizo ni vitu kutoonekana, gari kubwa litakupa tu mahali pakubwa zaidi pa kuvipotezea.

Kwa kirikuu, ushauri wangu ni huu: wavu kwanza, kreti za rangi pili, na rafu moja ya plywood ya milimita 12 iliyofungwa kwa bolti upande wa mlango usioutumia. Fremu ya chuma iache kwa Hiace.