Nyuzi nne za dishi moja: istilahi za kupokea setilaiti zaidi ya moja

Sentensi "Elekeza dishi kusini, kisha ongeza pembe hadi upate mawimbi" ina sarufi safi, na kila neno lililomo linapatikana kamusini. Hata hivyo, msomaji wa Dar es Salaam akipanda paani kuitekeleza, atashuka jioni bila picha. Kwanza, setilaiti za matangazo ya nyumbani kwake yeye ziko upande wa kaskazini, si kusini. Pili, dishi lina pembe tatu, kila moja ikirekebishwa mahali pake, na sentensi haikusema ni pembe ipi iongezwe. Kosa si la sarufi. Mfasiri amehamisha maneno yaliyoandikiwa watu wa kaskazini ya dunia bila kujiuliza msomaji wake amesimama wapi.

Makala haya yanaeleza jinsi dishi la nyumbani linavyoelekezwa ili lipokee setilaiti mbili au zaidi, na yanapendekeza istilahi za Kiswahili zinazomwezesha fundi, mwanafunzi au mfasiri kulisema jambo hilo bila utata.

Dishi, ungo na vifaa vyake

Chombo chenyewe huitwa dishi (dishi hili, madishi haya). Wapo wanaokiita ungo, kwa kukifananisha na ungo wa kupepetea nafaka. Wingi wa ungo ni nyungo. Maungo ni viungo vya mwili, na yasichanganywe na chombo hiki. Mfanano huo ni wa umbo tu, kwa maana ungo wa nafaka kazi yake ni kutenganisha, na ungo wa setilaiti kazi yake ni kukusanya: mawimbi yanayotua juu ya uso wake wote huakisiwa na kukutana mahali pamoja panapoitwa fokasi.

Hapo kwenye fokasi hufungwa kifaa ambacho mafundi hukitaja kwa herufi zake tatu, LNB. Kifaa hiki hupokea mawimbi dhaifu, huyakuza, huyashusha hadi kiwango cha masafa kinachoweza kupita katika kebo, kisha huyapeleka ndani ya nyumba. Huko ndani kuna king'amuzi, neno lililotokana na kung'amua, ambalo wengine hulibadili kwa kisimbuzi, kutokana na kusimbua. Yote mawili yanaeleweka. Jambo la kuzingatia ni kutumia moja tu katika andiko moja, ili msomaji asidhani kuwa ni vifaa viwili.

Neno masafa nalo lina maana mbili: umbali, na idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Katika maelekezo ya dishi maana zote mbili zinaweza kujitokeza katika ukurasa mmoja. Inafaa basi kuandika masafa ya mawimbi kwa maana ya pili, na umbali kwa ile ya kwanza.

Nyuzi ya kwanza: anwani ya setilaiti

Setilaiti za matangazo huzunguka juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Katika umbali huo, setilaiti humaliza mzunguko wake kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha mara moja, na kwa hiyo huonekana kana kwamba imetulia angani. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza mwaka 1945 jinsi njia hiyo ingeweza kutumika kwa mawasiliano, na ndiyo sababu huitwa pia ukanda wa Clarke.

Kwa kuwa zote ziko juu ya ikweta, mahali pa kila setilaiti hutajwa kwa nambari moja tu, yaani longitudo. Astra iko nyuzi 19.2 Mashariki, Hot Bird iko nyuzi 13 Mashariki, na kampuni ya Eutelsat ina setilaiti nyingine katika nyuzi 7 na nyuzi 36 Mashariki. Nambari hii ni anwani ya setilaiti, si kipimo cha kugeuza dishi. Anayesoma "nyuzi 19.2 Mashariki" akageuza dishi nyuzi 19.2 kuelekea mashariki amechukua anwani akaifanya mwelekeo.

Nyuzi tatu zinazobaki: mwelekeo, mwinuko, msokoto

Mwelekeo ni pembe inayopimwa kwa dira kwenye usawa wa ardhi, kuanzia kaskazini na kwenda kulia: mashariki ni nyuzi 90, kusini 180, magharibi 270. Maandishi ya kitaalamu hutumia pia azimuthi. Kitenzi chake ni kugeuza: dishi hugeuzwa kulia au kushoto kwenye nguzo.

Mwinuko ni pembe kati ya upeo wa macho na setilaiti. Neno hili lina hatari yake, kwa sababu wasomaji wamelizoea katika jiografia: mwinuko wa mji juu ya usawa wa bahari. Anayeambiwa "ongeza mwinuko wa dishi" anaweza kurefusha nguzo, na kurefusha nguzo hakubadilishi lolote. Iandikwe pembe ya mwinuko, na vitenzi viwe kuinua na kuinamisha uso wa dishi.

Msokoto ni pembe ya kuisokota LNB katika kishikizo chake ili ilingane na namna mawimbi yalivyosimama au kulala. Kitenzi kuzungusha hakifai hapa, kwani huleta picha ya duara zima.

Umuhimu wa kuzitenga pembe hizi unaonekana tunapolinganisha miji miwili. Mtu aliye Berlin huipata Astra katika mwelekeo wa nyuzi 173 hivi na Hot Bird katika nyuzi 180 hivi, zote mbili zikiwa na pembe ya mwinuko inayokaribia nyuzi 30. Kwake ukanda wa Clarke ni upinde ulioinama upande wa kusini, na setilaiti hizi mbili zimekaa karibu sawasawa, moja kando ya nyingine.

Kwa mtu wa Dar es Salaam hali ni tofauti kabisa. Setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki iko katika mwelekeo wa nyuzi 334 na pembe ya mwinuko ya nyuzi 81, yaani karibu utosini. Ile ya nyuzi 7 Mashariki iko katika mwelekeo wa nyuzi 281 na pembe ya mwinuko ya nyuzi 52. Kwake ukanda unapita juu ya kichwa kutoka mashariki hadi magharibi, ukiegemea kaskazini kidogo. Msokoto nao hutofautiana sana: kwa hesabu ya jiometri ni kama nyuzi 26 kwa setilaiti ya kwanza, na kama nyuzi 77 kwa ya pili.

Dishi moja, setilaiti mbili

Dishi linapoelekezwa kwa setilaiti moja, mawimbi ya setilaiti jirani nayo huugonga uso wake, ila kwa mshazari kidogo. Kwa hiyo hukusanyika mahali pengine, kando ya fokasi. Ukifunga LNB ya pili mahali hapo, dishi lilelile litapokea setilaiti zote mbili.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba pande hubadilishana. Simama nyuma ya dishi ukitazama angani: setilaiti iliyo kulia hupokewa na LNB iliyo kushoto, na setilaiti iliyo juu zaidi hupokewa na LNB iliyo chini zaidi. Mtu wa Berlin aliyeelekeza dishi lake kwenye Astra huipata Hot Bird, iliyo kulia kwake, kwa LNB iliyofungwa kushoto. Katika dishi la kawaida la sentimita 80, nafasi kati ya vitovu vya LNB hizo mbili ni kama sentimita 6. Maelekezo yanayosema tu "funga LNB ya pili upande wa magharibi" yana utata: ni magharibi mwa LNB ya kwanza, au ni upande wa setilaiti iliyo magharibi? Mfasiri aandike waziwazi upande ambao LNB inakaa.

Njia hii ina mpaka. Kadiri setilaiti ya pili inavyokuwa mbali na ile ambayo dishi limeielekea, ndivyo mawimbi yake yanavyokusanyika vibaya zaidi. Setilaiti za nyuzi 7 na 36 Mashariki zimeachana kwa nyuzi 29 za longitudo, na kwa jicho la mtu wa Dar es Salaam zinaachana kwa takribani nyuzi 34 angani. Dishi la kawaida haliwezi kuzibeba zote mbili ipasavyo. Hapo suluhisho ni madishi mawili, au dishi moja lenye mota ya kuligeuza. Ni vema kulisema hili kabla msomaji hajanunua LNB ya pili.

LNB mbili, ziwe kwenye dishi moja au kwenye madishi mawili, huunganishwa na king'amuzi kimoja kupitia swichi ndogo ya kuchagua setilaiti, inayofuata utaratibu uitwao DiSEqC. Kila mlango wa swichi una nambari, na nambari hiyo lazima ilingane na ile iliyowekwa katika king'amuzi. Hitilafu nyingi zinazodhaniwa kuwa za dishi ni za nambari hizi kupishana.

Kazi yenyewe kwa mpangilio

1. Simamisha nguzo wima kabisa, na uithibitishe kwa timazi au pimamaji. Nguzo iliyoinama huharibu vipimo vyote vinavyofuata.

2. Pima mwelekeo kwa dira ukiwa umesimama mbali na mabati na vyuma, kwani huvuta sindano. Hakikisha hakuna mti wala ukuta katika njia ya mawimbi.

3. Weka pembe ya mwinuko kwa kufuata alama zilizochongwa kwenye kishikizo cha dishi, wala usikisie kwa macho. Madishi mengi ya nyumbani yana fokasi ya pembeni, hivyo uso wake huonekana kutazama chini kuliko mahali unapopokea. Dishi la Berlin, kwa mfano, huonekana limesimama karibu wima.

4. Tafuta kwanza setilaiti ambayo mawimbi yake ni dhaifu zaidi, na uipe LNB ya katikati. Geuza dishi polepole, kidogo kidogo, ukisubiri king'amuzi kijibu kila baada ya hatua.

5. Mawimbi yakipatikana, rekebisha pembe ya mwinuko, kisha sokota LNB, halafu kaza nati zote taratibu huku ukitazama kipimo.

6. Sasa funga LNB ya pili na uisogeze kwenye mkono wake mpaka setilaiti ya pili ipatikane. Katika hatua hii dishi lenyewe lisiguswe tena, kwani kuligeuza kwa ajili ya LNB ya pili ni kuipoteza ya kwanza.

Kazi ya paani ifanywe na watu wawili, mbali na nyaya za umeme, na isifanywe mvua inaponyesha.

Nguvu na ubora

King'amuzi huonyesha vipimo viwili, na tafsiri nyingi huvichanganya. Nguvu ya mawimbi huonyesha kiasi cha nishati inayofika kupitia kebo, na inaweza kuwa kubwa hata dishi likiwa limeielekea setilaiti isiyotakiwa, kwa sababu LNB yenyewe hutoa kelele. Ubora wa mawimbi huonyesha kama king'amuzi kinaweza kuyafasiri mawimbi hayo kuwa picha. Kipimo cha kufuata wakati wa kurekebisha ni ubora. Kuviita vyote "kiwango cha mawimbi" ni kumwacha fundi akifurahia nambari isiyomfaa kitu.

Nyuzi au digrii?

Maneno yote mawili ni sahihi. Digrii humsaidia msomaji wa sayansi, na nyuzi limezoeleka zaidi katika lugha ya jumla. Lililo muhimu ni kwamba nambari isiachwe peke yake. "Nyuzi 36" huenda ikawa anwani, mwelekeo, pembe ya mwinuko au msokoto, na kila moja humpeleka fundi kwenye kazi tofauti. Nambari ya anwani ifuatwe na Mashariki au Magharibi, kwa herufi kubwa. Nambari nyingine zitanguliwe na jina la pembe.

Sasa tunaweza kuirudia sentensi ya mwanzo na kuiandika upya: "Ukiwa Dar es Salaam na ukitafuta setilaiti ya nyuzi 7 Mashariki, geuza dishi hadi mwelekeo wa nyuzi 281, weka pembe ya mwinuko ya nyuzi 52, kisha sokota LNB taratibu hadi ubora wa mawimbi ufike kilele." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini anayepanda paani nayo anajua kila nambari ni ya nini.