Kifundo cha Mkono Kilichovunjika: Mambo Yanayohatarisha Uponyaji Baada ya Upasuaji

Katika maeneo ya Kibaha na Kisarawe tunazijua ajali zinazovunja mikono: bodaboda iliyoteleza, gari lililogonga katika Barabara ya Morogoro, kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, bibi aliyejikwaa uani akajizuia kwa kiganja. Mara nyingi huvunjika mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, karibu na kifundo.

Mivunjiko mingi hupona kwa kunyooshwa na kufungwa plasta ngumu, yaani hogo. Upasuaji wa kuweka vyuma huhitajika hasa mifupa inapohama sana, inapopasuka hadi ndani ya kiungo, au inapotoboa ngozi. Wengi hupona vema. Wengine hupatwa na madhara: kidonda kuingiwa na vijidudu, vidole kukakamaa, ganzi kwa sababu ya neva kubanwa, kano kukatika kwa kusuguana na chuma, au mfupa kuunga ukiwa umepinda.

Ni nani aliye katika hatari zaidi? Kwanza, mwenye jeraha kubwa. Mfupa uliotokeza nje umekwisha kugusa uchafu, na hivyo huhitaji kusafishwa hospitalini na dawa za kuua vijidudu mapema iwezekanavyo.

Pili, mwenye mwili uliodhoofika. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kufunga na hukaribisha maambukizi. Tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye mfupa. Kwa wazee, hasa wanawake waliokoma hedhi, mfupa huwa mwepesi na skrubu hazishiki kwa uthabiti. Kwa hiyo mgonjwa asimfiche daktari sukari yake, sigara wala pombe; ukweli huo ni sehemu ya matibabu.

Tatu, aliyechelewa. Baada ya wiki chache mfupa huanza kuunga jinsi ulivyokaa, na kuurekebisha huwa kazi ngumu zaidi. Wapo wanaofungwa kwanza vijiti nyumbani. Vikikazwa mno, damu haipiti, na mtu aweza kupoteza vidole au mkono wenyewe.

Nne, anayeacha kufuatiliwa. Kidonda kikifunga, nauli ya kliniki huonekana ni hasara, na mkono huachwa umening'inia bila mazoezi. Hapo ndipo vidole hukakamaa. Kwa kawaida mgonjwa huelekezwa kuinua mkono juu ya usawa wa moyo siku za mwanzo na kukunja na kukunjua vidole. Afuate maelekezo aliyopewa na mtaalamu wake.

Arudi hospitali mara moja akiona usaha, homa, uvimbe unaoongezeka, ganzi, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, au maumivu makali yasiyotulizwa na dawa. Kwa wakazi wa Kibaha ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, na kwa Kisarawe ipo Hospitali ya Wilaya. Majeraha magumu hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Yapo mawazo kwamba kumtegemea tabibu ni upungufu wa imani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha kinyume: mgonjwa asali, na pia ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Katekisimu, namba 2288, yatukumbusha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa tuzitunze, na kwamba jamii inapaswa kusaidia.

Basi Jumuiya Ndogondogo zetu zisimtembelee mgonjwa kwa sala pekee. Mwenye mkono mmoja hawezi kuchota maji, kufua wala kulima. Tumchangie nauli ya kliniki, tumsindikize siku yake ya kurudi, tumkumbushe mazoezi. Kila Februari 11 Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Lakini mfupa huunga kwa wiki nyingi, na katika wiki hizo zote mgonjwa huyo ni jirani yetu.