Mzio wa Mbwa si Mzio wa Binadamu

Nyuki akimuuma mbwa mwenye mzio mkali, mara nyingi mbwa huyo hutapika na kuharisha, kisha huishiwa nguvu akaanguka. Binadamu hutoka mabaka yanayowasha, huvimba midomo na kubanwa kifua. Simbilisi wa maabara hufa kwa kukosa pumzi. Wote watatu wameathiriwa na seli za jamii moja, seli za masti, zilizomwaga kemikali zake kwa ghafla.

Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, baada ya kuona jinsi zinavyokunywa rangi za anilini. Zimejaa vifuko vidogo vyenye histamini na vimeng'enya. Nyingi hutoka kwenye uboho zikiwa changa, zikakomalia katika tishu zinakohamia, na tishu hiyo ndiyo inayoamua zitakuwaje. Kwa mbwa, pigo kubwa huangukia ini na utumbo: mishipa inayotoa damu kwenye ini hubana, damu hukwama tumboni, shinikizo linashuka.

Hata ndani ya mwili mmoja hazifanani. Kwa binadamu, seli za masti za ngozi hubeba vimeng'enya viwili, triptasi na kimasi. Zilizo kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na utando wa ndani wa utumbo nyingi hubeba triptasi peke yake. Kwa panya, zile za utando wa utumbo huwa na histamini kidogo, na huongezeka sana minyoo inapovamia. Zilikawia kueleweka kwa sababu ya formalini, dawa ile ile tunayohifadhia vipande vya tishu kila siku maabarani. Katika miaka ya 1960, Lennart Enerbäck wa Sweden alionyesha kwamba formalini ya kawaida huzizuia zisishike rangi. Seli zipo, lakini mtazamaji wa hadubini anaona patupu!

Ndiyo maana sikubali matokeo ya panya yahamishiwe kwa mgonjwa bila kuuliza seli zilitolewa wapi. Dawa ya kromoglikati huzituliza vizuri seli za masti za tumbo la panya, zilizo nje ya utumbo, lakini zile za utando wa utumbo wa panya huyo huyo haziisikii. Za ngozi ya binadamu nazo karibu haziisikii kabisa. Roger Altounyan, daktari mwenye pumu, aliigundua nguvu yake kwa kuijaribu kwenye mapafu yake mwenyewe.

Mwaka 2015 watafiti walieleza kipokezi kiitwacho MRGPRX2, kilicho kingi kwenye seli za masti za ngozi yetu. Siprofloksasini na baadhi ya dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji hukiamsha moja kwa moja, bila kingamwili za mzio, hivyo mgonjwa anaweza kuwashwa kwa dozi ya kwanza kabisa. Panya ana kipokezi kinacholingana nacho, lakini rokuroniamu, mojawapo ya dawa hizo za kulegeza misuli, hukiamsha kwa kiwango cha chini sana kuliko kinachohitajika kwa kipokezi chetu.